Mpira wa Kung'ata

Fundi Mwenda alikuja kunipa pole katika mwezi wa pili wa eda yangu. Alikaa barazani, nje ya pazia, kwa sababu anazijua adabu zetu tangu zamani, na mimi nilikaa ndani na binti yangu Nuru, tukisikia sauti yake tu na kile kikohozi chake. Sikuwa nimeisikia sauti hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Ilikuwa imezeeka, lakini bado ilikuwa na ile haraka ya mtu anayezungumza huku mkono wake ukitafuta spana. Alisema habari za mume wangu Yusuf alizipata kwa mtu wa miraa, zikiwa zimechelewa, na kwamba angejua mapema angekuja kuzika. Nikamwambia sisi hatungoji, tulimzika siku hiyo hiyo. Akasema ameniletea kitu, si zawadi, ni cha kutazama tu halafu nimrudishie, maana ni cha mjukuu wake wa kike ambaye siku za Jumapili huendesha baiskeli na wenzake kutoka Meru mpaka kwetu na kurudi, bila mzigo, bila biashara, kwa kupenda kwao. Nuru alitoa mkono akakipokea. Kilikuwa mfuko wa maji wa kubeba mgongoni, wenye mrija mrefu, na mwisho wa mrija palikuwa na mdomo wa mpira laini uliopinda upande.

"Ng'ata," Fundi akasema kutoka nje.

Niling'ata. Maji yakaja, ya baridi, hayana ladha ya kitu chochote, na nilipoachia yakakatika papo hapo. Nikaugeuzageuza ule mdomo kwenye mwanga wa dirisha. Nikamwambia Fundi kwamba hawa watu wametuibia. Akacheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika mbali, kwa sababu sote wawili tulikuwa tukimfikiria mtu mmoja. Nilijua ana swali. Nilimsikia akikisogeza kiti mbele, akakirudisha nyuma, akasifu chai, akauliza kama mvua imeshuka Kinna. Mimi sina tabia ya kumsaidia mtu kuuliza, kwa hiyo nilimwacha ahangaike na kikombe chake, na mimi nikabaki na ule mpira mkononi, nikarudi mwaka ambao yeye na mimi tuliutafuta mpira kama huo kwa wembe na gundi ya pancha.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, ambao sisi wa rika langu hapa Isiolo tunauita mwaka wa unga wa njano, kwa sababu ya mahindi ya msaada tuliyokula mpaka tukasahau ugali mweupe ulikuwaje. Mvua ya masika ilikuwa imetupita. Wafugaji walishuka mjini wakiwa na fimbo bila mifugo, na wale waliobaki na ng'ombe waliwaleta sokoni wakiwa wamekonda hata wanunuzi waliona haya kuwashika. Nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza la duka karibu na soko hilo. Nilishona mahema, magunia, viti vya lori, kila kitu cha turubai, kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na nguvu na sikupenda kushona magauni ya watu wasioridhika. Chini ya baraza, kwenye kivuli changu hasa, Mwenda alikuwa na kazi yake ya baiskeli: beseni la maji ya kutafutia pancha, sanduku la mbao, na kamba iliyotundikwa tyubu za zamani. Mimi nilimwita Fundi, naye akaniita Fundi. Mtu akisimama na kuita "Fundi" tuliinua vichwa wote wawili, na ilituchekesha kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza.

Yusuf alikuwa mume wangu kwa miezi isiyotimia mwaka. Alikuwa Mturkana aliyesilimu kabla ya kunioa, na mji haukumwacha asahau hilo. Walimwita Yusuf Mturkana mbele yake, kwa tabasamu, kama jina la kumtofautisha na kina Yusuf wengine, ingawa kina Yusuf wengine hawakuongezewa chochote. Alikuwa mrefu, mpole, na akicheka alifunika mdomo kwa kiganja. Nilipenda sana tabia hiyo, nikaiona ni adabu. Kazi yake ilikuwa kupeleka bidhaa Rapsu, upande wa Kinna, kwa baiskeli, majani ya chai, sabuni, betri na chumvi, na kurudi na vitunguu, kwa kuwa kule walikuwa na maji ya kumwagilia mashamba hata mwaka ule. Baiskeli ya mzigo si baiskeli ya matembezi. Ukishaipanda hushuki, kwa maana ukishuka katikati ya pori huwezi kuipanda tena peke yako, inataka mtu wa kuishika nyuma. Na kwenye mchanga inataka mikono miwili. Mapema mwaka ule Yusuf aliachia mkono mmoja apate kunywa maji kwenye chupa, gurudumu la mbele likazama, akaanguka na kuvunjika mtulinga. Alikaa nyumbani na mkono umefungwa shingoni kwa kanga yangu, akitazama mlango siku nzima. Mimi nilimwambia wazi kwamba hatarudi njia ile mpaka aweze kunywa bila kuachia usukani, na kwamba kama hakuna chombo cha namna hiyo duniani basi nitakishona.

Mfuko haukunisumbua. Fundi alikata tyubu ya lori, akaziba ncha zake kwa moto, nami nikaushonea ganda la turubai na mikanda miwili ya mabegani. Tatizo la kwanza lilikuwa ladha. Nilichemsha majani ya chai na mdalasini nikayalaza humo, nikamwaga, nikarudia, na bado Yusuf alipoonja alitulia, akameza kwa heshima, kisha akasema, "Mama, hii maji ni kama nimelamba lori." Tatizo la pili ndilo lililokula miezi. Mrija tulikuwa nao, ule wa dripu, tulinunua kwa mwenye duka la dawa. Lakini mrija uliotoka mgongoni mwa mtu mpaka kinywani ulitaka kitu mwishoni cha kufungua na kufunga bila mkono. Fundi alikuwa na hakika kwamba jibu liko ndani ya valvu ya baiskeli, kale kampira kembamba kanakoruhusu hewa iingie na kuikataza kutoka. Alikaa na valvu moja kiganjani wiki nzima akiipuliza kwa mdomo, mpaka wateja wakaanza kumuuliza kama anaumwa jino.

Tulianza na chuchu ya chupa ya mtoto. Ilikuwa laini, ukiibana kwa midomo tu maji yanakuja, lakini ilidondoka muda wote, tone baada ya tone, na Yusuf angefika Kula Mawe, kijiji cha njiani, amelowa kifua na hana maji. Tukaongeza kipande cha tyubu, tukaondoa, tukakata mpasuo wa kulala, tukakata wa kusimama. Kila jaribio lilihitaji mdomo wa mtu. Fundi alinyonya, akafuta kwa shati, akanipa, mimi nikanyonya, nikamrudishia. Sikufikiria lolote. Mtu anayetafuta kitu hafikirii mate. Lakini mji ulifikiria. Siku moja nilikuwa jikoni nikikoroga uji wa unga ule wa njano, na upande wa pili wa mabati majirani wawili walikuwa wanafua. Mmoja alisema mke wa yule Mturkana anashinda barazani na Mmeru, wanapeana mpira wa kunyonya mchana kweupe. Mwingine akauliza Mturkana mwenyewe anasemaje. Wa kwanza akasema, "Atasema nini, na yeye alisilimu ili apewe mke?" Niliendelea kukoroga. Uji uliungua chini na tuliula hivyo hivyo.

Yusuf naye alikuwa amesikia, kwa njia zake. Kesho yake alikuja barazani saa ambayo soko limejaa, akaketi kati yangu na Fundi, akaichukua ile chuchu kutoka mkononi mwangu na kuinyonya mbele ya kila mtu, taratibu, mpaka mfuko ukasinyaa. Kisha akairudisha kwa Fundi akasema ni tamu, ila inavuja, tuitengeneze. Nilimpenda siku hiyo kuliko siku ya ndoa. Na leo nikiitazama siku hiyo naona pia ndiyo iliyotupoteza, kwa sababu sote tuliona kwa macho yetu kwamba Yusuf amekunywa, tukahesabu jambo hilo limekwisha.

Kisha Ramadhani ikaingia, katikati ya jua lile. Mkono wake ulikuwa umepona na hakuweza kukaa tena. Nilimkumbusha kwamba msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye, kila mtoto wa madrasa anajua hivyo. Akanijibu huku akifunga kamba za viatu, bila hasira yoyote. "Ruhusa ni ya watu hawaulizwi," alisema. Alikuwa ameshaambiwa msikitini, kwa mzaha wao wa kawaida, kwamba mtu anayetembea na mrija shingoni mwezi wa kufunga ana lake jambo. Kwa hiyo alimwekea Fundi sharti moja: ule mpira usidondoshe hata tone. Ungekaa kifuani pake, wazi, kila mtu auone ni mkavu, naye angeugusa kinywani jua likishazama na si kabla.

Fundi alifanya kazi ile kama anayetengeneza saa. Alibandika mpira juu ya mpira mpaka ukawa mgumu, akaukata mpasuo mmoja wa kusimama kwa wembe mpya, mwembamba hata hukuuona mpaka uukunje. Tuliutundika kwenye msumari, mfuko umejaa juu yake, na bati chini, tukauacha mpaka asubuhi. Bati lilikuwa kavu na vumbi lake. Sasa hapa ndipo penyewe. Mimi nilikuwa nimefunga, siwezi kutia maji kinywani mchana. Yusuf alikuwa amefunga. Jioni kila mtu alikimbilia futari, na Fundi naye alikuwa ameshafunga sanduku lake na kwenda kwake. Aliyebaki wa kujaribu ni Fundi peke yake, naye kwa adabu alijaribu nyuma ya turubai langu nililolitundika, mahali pale pale alipojificha kula githeri yake asitutamanishe. Niliusikia ule mpira ukibanwa na maji yakiingia. Alitoka akifuta kidevu, ameridhika, akasema sasa huu hauhitaji midomo tena, huu unataka meno, unaung'ata hapa mbele na unatii. Yusuf alitikisa kichwa kwamba amesikia. Mimi pia nilisikia.

Aliondoka baada ya alfajiri, ametoka kuswali. Nilimshikia baiskeli nyuma mpaka ikapata mwendo. Alipita mbele ya wazee waliokuwa bado mlangoni mwa msikiti, akawasalimia, salaam aleikum, na ule mpira ukiwa umefungwa kifuani kwa uzi wangu mwekundu. Alikuwa arudi siku ya tatu jioni. Siku hiyo nilipika tambi, nikakaanga sambusa, nikachemsha chai ya maziwa ya ngamia niliyoyatafuta tangu asubuhi, na adhana ikaadhiniwa na nikala tende moja nikisikiliza mlango. Chai iliganda ngozi juu. Siku iliyofuata Fundi hakufungua sanduku lake. Alisimama kando ya barabara akisimamisha kila lori la upande wa Kinna na kuuliza. Mimi nilikaa kwenye cherehani nikishona turubai lisilo la mtu, mshono juu ya mshono, kwa kuwa mguu ukisimama kichwa kilianza.

Wafugaji wa Kiborana ndio waliomwona. Walikuwa wanapeleka ngamia majini wakamkuta chini ya mgunga, kando ya laga, ule mto mkavu, amelala juu ya mchanga na macho wazi yasiyoona. Walimtia maziwa kinywani kidogo kidogo, walivyojua kumtia mtu wa hali ile, wakamfunga juu ya ngamia mpaka Kula Mawe, na kutoka huko lori likamleta hospitali yetu. Wale waliomleta walinieleza kwamba baiskeli ilikuwa imeegemezwa vizuri kwenye mti, mzigo haujaguswa. Mfuko ulikuwa mgongoni mwake, mkavu, na nyuma ya shati lake kulikuwa na chumvi nyeupe mpaka kwenye mkanda. Alipopata sauti, siku kadhaa baadaye, nilimuuliza nini kilitokea. Akasema alianguka na mfuko ukapasuka.

Ule mfuko niliushona mimi. Niliupeleka nyumbani, nikaujaza maji, nikauning'iniza, haukuwa na tundu hata la sindano. Nilikaa nao sakafuni nikiutazama kama mtu aliyekataa kunijibu. Nje, mji ulikuwa umeshapata jibu lake. Walisema maji yaliisha kwa sababu alikuwa akinywa tangu asubuhi. Walisema ndiyo maana alitaka mrija. Walikuja hospitali kumwona, na machungwa, na kumwombea dua, na wakitoka getini walisema Mungu hafichwi kitu. Yusuf aliwajua. Aligeukia ukuta kila walipoingia, na daktari akadhani ni homa. Figo zake zilikuwa zimeumia, walituambia, na zingetaka kuangaliwa maisha yake yote.

Nilimpelekea Fundi ule mfuko na maji ndani, na mpira wake ukiwa umefungwa kwenye leso. Ramadhani ilikuwa bado haijaisha, soko limetulia, na yeye alikuwa ameketi bila kazi kwa sababu watu walikuwa wameanza kupeleka baiskeli zao kwingine. Mmeru huyo, walisema, na mipira yake. Aliunganisha mpira kwenye mrija, akautia kinywani, akaung'ata. Maji yalikuja, na mengine yakamtoka pembeni, yakamlowesha goti. Aliutoa na kuugeuza. Mbele, mahali alipotuambia tung'ate, palikuwa na alama hafifu za meno ya juu, na upande wa chini hapakuwa na alama yoyote, ni laini kama siku alipoutengeneza. Lakini pembeni, kushoto na kulia, mpira ulikuwa umetafunwa, umeraruka mpaka tabaka la pili, na kutoka kwenye mraruko ule tone lilijikusanya, likaanguka, likajikusanya tena. Mtu alikuwa ameung'ata mbele ukakataa, akaung'ata tena, mwisho akaupeleka kwenye magego kwa nguvu zake zote. Akapata maji yake machache ya kufuturu. Na mengine yakavuja polepole kwenye mraruko ule alipolala, yakamtiririkia mgongoni, akidhani ni jasho.

Fundi alipeleka kidole gumba kwenye meno yake ya chini, yale mawili ya mbele, akayagusa. Mimi nikamwona akiyagusa. Waturkana wengi wa umri wa Yusuf waling'olewa meno hayo mawili utotoni, kwa mila, na yeye hakuwa nayo, na hakuna mtu hapa mjini asiyejua hivyo. Nilikuwa nimekula na mwanamume huyo meza moja karibu mwaka mzima. Chuchu ya kwanza aliinyonya kwa midomo, ilikuwa laini. Huu mgumu ulihitaji jino la kukutana na jino, naye pale mbele hakuwa na jino la chini, ulizama tu kwenye pengo. Tulitumia mdomo wa Fundi kwa sababu ndio pekee ambao haukuwa umefunga, na tukautengeneza uwe mdomo wa kila mtu.

Fundi alisimama, akaanza kufunga sanduku. Alisema anaenda msikitini saa ile ile, atauweka ule mpira mbele ya wazee waone wenyewe, maana mtu aliyekunywa tangu asubuhi hawezi kuutafuna hivi, hizi ni alama za mtu aliyekuta maji hayatoki. Alikuwa na haki. Ulikuwa ushahidi ambao hata mtoto angeuelewa, na ungemsafisha Yusuf siku moja. Nilimwambia angoje, nikamuulize mwenyewe kwanza.

Hospitalini nilimkuta ameketi, amenyolewa. Nilimmenyea chungwa. Nikasema, bila kumtazama, kwamba Fundi anataka kuwaonyesha wazee ule mpira, kwamba ukitazamwa unaeleza kila kitu. Alikula kipande, akakimeza, akafunika mdomo kwa kiganja ingawa hakuwa anacheka. Ndipo nilipoelewa kile kiganja. Nilikuwa nimekiita adabu, na kumbe kilikuwa kazi ya kila siku, kila mzaha, kila salamu, kuuficha mdomo ambao mji uliutumia kumpimia Uislamu wake. Ningewapa wazee wale mpira, ningewaambia wautazame, na kila mtu angegeuka kumtazama yeye kinywani.

"Mwambie Fundi mimi nilianguka," Yusuf alisema.

Nilimwambia Fundi hivyo hivyo, kwa maneno yake. Alikasirika, na mimi nilikasirika naye kwa kukasirika, kwa sababu hasira yenyewe ilistahili mji na hatukuweza kuifikisha huko. Alisema Yusuf amechagua aonekane mwizi wa swaumu kuliko aonekane na pengo. Nikamwambia yeye hajawahi kuongezewa kabila nyuma ya jina lake. Akaniambia aongezewe mara ngapi, si wanamwita Mmeru wa mipira. Baadaye alielewa, au alichoka, sijui. Lakini jambo moja alilishika vibaya na sikumsahihisha wakati ule: alidhani Yusuf amekataa kumwona kwa chuki, kwa kuwa aliporudi nyumbani hakukanyaga tena baraza lile. Yusuf hakukanyaga baraza lolote mwaka ule. Baiskeli ilifungwa kwa kamba ukutani, na alipopata nguvu alianza kibanda cha sigara na peremende karibu na stendi, kazi ya kukaa.

Mwisho wa mwaka Fundi alihama kurudi Meru. Siku ya mwisho, watu wakiwa wamempakilia sanduku kwenye mkokoteni, alinipa kitu kimefungwa kwa gazeti. Ulikuwa mpira mwingine. Aliupinda upande ili uingie kinywani kwa pembeni, ung'atwe na magego, na aliulainisha, akaupaka poda. Hakukuwa na mdomo mwingine Isiolo nzima uliohitaji mpira wa namna ile. Kumpa Yusuf ilikuwa sawa na kumwambia tumeona. "Mpatie ama usimpatie," Fundi alisema. "Wewe ndio unamjua." Niliutia kwenye droo ya cherehani, chini ya sindano na chaki. Sikumpa Yusuf. Mwaka ukapita, na mwingine, na watoto wakaja, na ile droo niliifungua kila siku ya Mungu nikachukua sindano na kuifunga.

Haya yote yalinipita kichwani nikiwa na mfuko wa mjukuu mkononi, na nje ya pazia kiti kikasogea mara ya mwisho. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Fundi," alisema, "Yusuf alienda akiwa bado na kinyongo na mimi kwa roho?"

Nikamweleza. Nikamwambia kwamba miezi ya mwisho zile figo zilikataa kabisa, na madaktari walikuwa wakimpimia maji kwa kikombe kidogo, kidogo hata cha kahawa ni kikubwa, na kiu ilimrudia yote, ileile. Kwamba walipoona hakuna tena la kufanya walimrudisha nyumbani wakasema anywe anavyotaka. Hakuweza kushika kikombe, na kijiko kilimwagikia shingoni, na alikuwa akigeuza uso ukutani kama zamani, asitake tumwone akitokwa na maji kinywani. Asubuhi moja aliniita karibu. Alisema, "Mama Nuru, ile mpira ya Fundi. Ile ya kando. Iko kwa droo." Nilisimama pale nimeshika kijiko. Sikuwahi kumwonyesha. Siku gani aliifungua ile droo kutafuta sindano, miaka mingapi alikaa akijua na mimi nikijua na hakuna aliyesema, hayo hakunieleza na sikumuuliza. Nuru alileta mrija mpya kutoka duka la dawa. Nikamwekea ule mpira pembeni, upande wa kushoto alikokuwa amebakiwa na magego, na hakufunika mdomo. Aling'ata.

Kisha Fundi akauliza swali ambalo fundi lazima aulize.

"Ilivuja?"

"Ilivuja, Fundi. Mpira ulikuwa umepasuka kwa uzee. Mto ulilowa wote mpaka godoro."

"Lakini alikunywa?"

"Alikunywa," nilimwambia. "Alikunywa akatosheka."

Nikasikia kiti kikigonga ukuta, halafu mzee mzima akilia bila kujificha, kwa sauti, barazani kwangu ambapo majirani wote wanaona. Nuru akashika pazia, akanitazama kuuliza afanye nini. Nilimwambia amwache, akamwongezee chai.